Asilimia 27 ya nini?

Matokeo ya lecanemab, dawa ya kingamwili inayoondoa protini ya amiloidi ubongoni, yalipotoka mwishoni mwa 2022, namba moja ilizunguka dunia nzima: dawa hii inapunguza kasi ya Alzheimer kwa asilimia 27. Namba ni ya kweli. Lakini anayeisoma haraka hudhani mgonjwa ataokoa robo ya kumbukumbu zake, au kwamba kati ya wagonjwa wanne mmoja atapona. Hayo hayakupimwa. Kwa maoni yangu, habari ya utafiti wa demensia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa akili kunakoletwa na magonjwa kama Alzheimer) isiyosema ni nini kilipimwa, kwa watu gani, na tofauti yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani, bado haijaandikwa, hata ikiwa imechapishwa.

Tuanze na kipimo. Jaribio la lecanemab lilitumia CDR-SB. Mtahini aliyefunzwa humhoji mgonjwa, na huhoji pia mtu anayemfahamu vizuri, mara nyingi anayeishi naye. Kisha hutoa alama katika maeneo sita: kumbukumbu, kujua wakati na mahali alipo, uwezo wa kuamua na kutatua matatizo, shughuli za nje ya nyumba, mambo ya nyumbani pamoja na yale anayopenda kufanya, na kujihudumia mwenyewe. Kila eneo lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni 18. Zikipanda, hali inazidi kuwa mbaya.

Washiriki walikuwa 1,795, muda miezi 18. Waliopewa plasebo, yaani dawa bandia, walipanda kwa wastani wa alama 1.66, waliopewa dawa wakapanda kwa 1.21. Tofauti ni 0.45. Ukigawanya 0.45 kwa 1.66 unapata asilimia 27, na ndiyo iliyoingia kwenye vichwa vya habari.

Sasa rudi kwenye fomu yenyewe. Hatua ndogo kabisa ambayo mtahini anaweza kuiandika katika eneo moja ni nusu alama: kutoka 0, yaani hakuna shida, hadi 0.5, yaani kuna shaka. Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili baada ya mwaka mmoja na nusu haikufikia hata hatua hiyo. Watafiti wanaochunguza mabadiliko ambayo daktari anaweza kuyatambua kwa mgonjwa hutaja takriban alama moja kwa mwenye upungufu mdogo wa akili, yaani hatua kabla ya demensia, na zaidi ya hapo kwa aliyekwisha ingia kwenye demensia.

Watetezi wa dawa wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Wastani huficha watu: wapo waliofaidika zaidi ya hapo, na wapo ambao hawakupata kitu. Pia wanasema miezi 18 ni mifupi kwa ugonjwa unaochukua miaka mingi, na kwamba pengo likiendelea kupanuka litakuja kuwa na maana. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, matumaini ya mwaka wa tano hayawezi kuandikwa kama matokeo ya mwezi wa kumi na nane.

Kwangu, jambo kubwa zaidi katika jaribio lile halikuwa hilo. Kiasi cha amiloidi kwenye ubongo kilipimwa kwa picha za PET, kwa skeli ambayo 0 ni hali ya vijana wenye afya na 100 ni hali ya kawaida ya mgonjwa wa Alzheimer. Waliopewa dawa walianza wakiwa karibu na 78, na kufikia mwisho walikuwa wameshuka kwa takriban 55. Sehemu kubwa ya amiloidi ilikuwa imeondolewa, na bado wagonjwa wakaendelea kudhoofika, polepole kidogo tu kuliko wenzao. Dhana iliyoongoza fani hii tangu 1992, kwamba mrundikano wa amiloidi ndio unaoanzisha maafa yote, haijafa kwa matokeo haya. Lakini mtu hawezi tena kusema kwamba kuiondoa amiloidi ni sawa na kutibu ugonjwa. Inawezekana imechelewa kuondolewa. Inawezekana protini ya tau, ambayo nayo hurundikana ubongoni, ikishaenea haijali tena amiloidi iko wapi. Na kwa wazee wengi, ubongo ukichunguzwa baada ya kifo hukutwa na magonjwa mawili au matatu kwa pamoja: Alzheimer, madhara ya mishipa ya damu, miili ya Lewy (mabonge ya protini nyingine ndani ya seli za ubongo), protini ya TDP-43. Kingamwili inayolenga kimoja haiwezi kugusa vingine.

Donanemab, kingamwili nyingine dhidi ya amiloidi, inaonyesha mtego mwingine. Kwa washiriki wenye tau ya chini au ya kati, ilitangazwa kupunguza kasi kwa asilimia 35. Skeli yake kuu ilikuwa iADRS, inayojumlisha uwezo wa akili na shughuli za kila siku, yenye alama 144, na tofauti iliyozaa asilimia hiyo ni alama 3.25. Kwa washiriki wote kwa pamoja, asilimia ilikuwa 22. Anayeweka 35 kando ya 27 na kutangaza mshindi analinganisha skeli mbili tofauti na watu wa aina mbili tofauti.

Madhara nayo yana namba zake. Katika jaribio, lecanemab iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Picha za MRI zilionyesha uvimbe wa ubongo kwa asilimia 12.6 ya waliopewa dawa dhidi ya 1.7 kwa plasebo, na dalili za damu iliyovuja kwa asilimia 17.3 dhidi ya 9.0. Wengi wao hawakuhisi chochote. Ndiyo maana MRI hupangwa kabla ya dozi fulani za mwanzo bila kusubiri mgonjwa alalamike. Kwa wenye nakala mbili za APOE e4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, uvimbe ulifika karibu theluthi, kwa hiyo kipimo cha jeni kinapaswa kufanywa kabla ya dripu ya kwanza. Na kuna hatari ambayo familia huambiwa kwa haraka mno: uvimbe huu au uvujaji huu unaweza kufanana na kiharusi. Mgonjwa akifikishwa hospitali ambayo haijui anatumia dawa hii, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, anaweza kuvuja damu ubongoni hadi kufa. Taarifa ya dawa hii inapaswa kutembea naye kwa maandishi.

Ukiyapeleka maswali hayohayo kwenye utafiti wa shinikizo la damu na demensia, utashangaa jinsi upande huo unavyopewa nafasi ndogo. Jaribio la SPRINT MIND nchini Marekani lilikuwa na watu 9,361 wenye miaka 50 na zaidi. Kundi moja lililenga shinikizo la juu lisizidi 120, jingine lisizidi 140. Waliopata demensia walikuwa 7.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka dhidi ya 8.6, tofauti ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta. Kwa upungufu mdogo wa akili ilikuwa 14.6 dhidi ya 18.3, na hiyo si rahisi kuiita bahati. Matibabu yalikatishwa mapema, baada ya wastani wa miaka mitatu na kidogo, kwa sababu faida kwa moyo ilikuwa imeshaonekana wazi. Uamuzi ulikuwa sahihi kimaadili, ila swali la demensia likabaki limejibiwa nusu.

Nusu iliyobaki ilijibiwa kwa kiasi kikubwa vijijini China. Vijiji 326, watu 33,995 wenye shinikizo lisilodhibitiwa, miezi 48, lengo chini ya 130/80, na matibabu yakisimamiwa na matabibu wa vijijini badala ya mabingwa. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha hatari ya demensia ikishuka kwa asilimia 15. Ndiyo, nayo ni asilimia ya kulinganisha, na inastahili swali lilelile. Tofauti ni kwamba hapa kilichohesabiwa ni watu waliopata demensia na ambao hawakupata, wala si sehemu ya alama kwenye fomu.

Tahadhari moja kwa anayetaka kufukuzia 120. Katika SPRINT mtu aliketi kimya dakika tano, mashine ikapima mara tatu, mara nyingi bila mhudumu chumbani, na wastani ndio uliotumika. Ukipimwa huku unaongea, mkono ukining'inia, miguu imepishana, namba hupanda. Ukiongezewa dawa kwa namba hiyo, kinachofuata ni kizunguzungu na kuanguka.

Mfano mzuri wa namna ya kuripoti ni chanjo ya mkanda wa jeshi. Huko Wales, waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 waliruhusiwa kuchanjwa. Waliozaliwa siku chache kabla hawakuruhusiwa kamwe. Mpaka huo wa tarehe uliwagawa watu wanaofanana karibu kwa kila kitu, karibu sawa na kuwagawa kwa bahati nasibu. Katika miaka saba, chanjo ilihusishwa na upungufu wa asilimia 20 wa utambuzi mpya wa demensia, na watafiti wakaandika hapohapo kwamba hiyo ni pointi 3.5 za asilimia. Namba mbili, sentensi moja. Udhaifu wake ni kwamba utambuzi ulitoka kwenye kumbukumbu za hospitali na zahanati, na chanjo iliyotumika ni ile ya virusi hai vilivyodhoofishwa.

Swali la kipimo ni zito zaidi kwa watu ambao vipimo havikutungwa kwa ajili yao. MMSE, jaribio la kupima kumbukumbu na akili lenye alama 30, humtaka mtu aandike sentensi, atoe saba mfululizo kuanzia mia, anakili pembetano mbili zilizopishana. Mzee ambaye hakusoma shule atapoteza alama bila kuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo maana utafiti uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulitumia CSI-D, chombo kinachochanganya maswali kwa mzee na mahojiano na ndugu yake. Ulikuta kwamba wapya wanaopata demensia kwa mwaka ni asilimia 1.35 Ibadan dhidi ya 3.24 Indianapolis. Kwa MMSE pekee, sidhani kama kuna mtu angeiamini tofauti hiyo.

Vipimo vya damu vya p-tau217, aina ya protini ya tau inayoashiria Alzheimer, navyo vitaleta mkanganyiko uleule. Chukua kipimo kinachopatia kwa asilimia 90, kwa wagonjwa na kwa wazima. Kwenye kliniki ambako 50 kati ya 100 wana ugonjwa, kitawakamata 45 na kuwasingizia watano. Kipeleke kwa watu 100 ambao 10 tu ndio wagonjwa: kitawakamata tisa na kuwasingizia tisa wengine. Majibu yakisema ndiyo, ni sawa na kurusha sarafu. Ugonjwa wa figo nao hupandisha p-tau, jambo ambalo tangazo la maabara halitasema.

Kwa hiyo, kabla ya familia kuulizia kingamwili, daktari aulizwe kama haya yamefanyika: homoni ya tezi, vitamini B12, kaswende, VVU, na picha ya kichwa kutafuta damu iliyokusanyika baada ya kuanguka au maji yaliyozidi ubongoni. Orodha ya dawa zote ipitiwe moja moja, hasa amitriptyline (dawa ya sonona), dawa za zamani za mzio na zile za kibofu, kwani huvuruga kumbukumbu. Kama mzee anaona watu wasiokuwepo na anatembea kwa kukakamaa, miili ya Lewy ifikiriwe kabla ya mtu yeyote kumpa haloperidol ya kumtuliza, maana inaweza kumkakamaza kabisa, hata kumuua. Na kama kuchanganyikiwa kumeanza ndani ya siku mbili tatu, huyo apelekwe hospitali leo, atafutiwe maambukizi, upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanzishwa. Vipimo vya kumbukumbu vitasubiri hadi atulie.