Vocha ya mwalimu

Ukimkuta mwalimu wa shule ya msingi ameshika simu saa nne asubuhi, wakati watoto wanakunywa uji, hukumu huwa imeshatoka: anachati. Mzazi anayekatiza uwanjani atalisema nyumbani, na afisa elimu kata akitokea ghafla, simu itaingia mkobani kabla hata ya salamu. Wapo wanaochati kweli huku watoto wananakili ubaoni, na mzazi anayelalamikia hilo ana haki. Lakini ndani ya lawama hizo yumo mwalimu tunayemwonea. Ni yule anayempigia mama Asha kumuuliza kuna usalama gani nyumbani, maana leo ni siku ya tatu mtoto hajaonekana. Vocha ameinunua mwenyewe.

Kwetu, teknolojia ya shule ikitajwa, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye vifaa. Kenya iliahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na hadi mradi unaanza kufika shuleni mwaka 2016 zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Tanzania, vishikwambi walivyotumia makarani wa sensa ya Agosti 2022 vilikabidhiwa kwa walimu. Sivibezi hata kidogo. Mwalimu aliye kilomita arobaini kutoka makao makuu ya wilaya, ambaye sasa anafungua kitabu cha kiada mkononi badala ya kusubiri nakala moja izungushwe darasa zima, amepata kitu cha maana. Ila kishikwambi humsaidia mwalimu kuandaa somo. Kwa bibi anayemlea mtoto, hakifiki.

Njia inayofika nyumbani ni simu, nayo ina sura mbili ambazo watu huzichanganya: kundi la WhatsApp na simu ya kawaida ya kupiga na kupokea. Wanaopinga mawasiliano ya simu kati ya walimu na wazazi wana hoja nzito, na karibu zote zimezaliwa kwenye kundi.

Kundi la darasa huanza na kazi ya nyumbani. Baada ya wiki chache limejaa michango ya mitihani ya majaribio, salamu za Ijumaa na matangazo ya biashara. Mzazi mwenye kitochi hayumo. Kazi ya hisabati inatumwa humo jioni kama picha, na asubuhi mtoto wake anasimamishwa mbele ya darasa kwa kosa la kutoifanya. Halafu kuna saa. Mwalimu aliyetoka kazini saa kumi anaulizwa saa tatu usiku sare ya michezo ni rangi gani, na asipojibu anaambiwa ana dharau, wakati naye ana watoto wake wanaosubiri chakula.

Kuna jambo zito zaidi ya hayo, nalo ni faragha ya mtoto. Matokeo ya mtihani hubandikwa kundini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili, na yule wa mwisho ana shangazi humo, ana jirani humo. Orodha ya wasiolipa pesa ya chakula hubandikwa vivyo hivyo. Kenya, mwaka 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Anayesema walimu wetu wanagusa taarifa za watoto bila kufundishwa namna ya kuzilinda anasema kweli, na hapo sina la kumpinga.

Sasa mweke pembeni mwa hayo mwalimu anayepiga simu nyumba moja. Hakuna anayeachwa nje kwa kukosa bando. Hakuna jirani anayesoma alama za mtoto wa mwenzake. Mlezi asiyejua kusoma anasikia na anajibu, tena kwa lugha anayoimudu. Karibu kila ubaya wa kundi hapa haupo. Hata hivyo, kuepuka ubaya hakutoshi kumpa mtu kazi ya ziada. Inabidi tuulize kama mtoto anajifunza chochote.

Jibu ninalolirudia mara kwa mara lilitoka Botswana. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti walizigawa kaya zipatazo 4,550 kwa bahati nasibu. Baadhi zilipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu. Nyingine zilipokea ujumbe uleule pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 kutoka kwa mkufunzi, mtoto na mlezi wakiwa pamoja, simu ikiwa kwenye spika, wakilifanya swali hatua kwa hatua. Kwa waliopata ujumbe peke yake, haikuonekana tofauti ya kuaminika wakilinganishwa na kaya ambazo hazikupokea chochote. Waliopata ujumbe na simu walipanda kwa 0.12 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha watakwimu cha umbali wa kawaida kati ya alama za watoto na wastani wao.

Ukiitazama haraka, 0.12 ni kitu kidogo. Nami niliiona hivyo. Lakini itazame pamoja na kilichotumika: hakuna kompyuta, hakuna intaneti, hakuna umeme zaidi ya ule wa kuchaji kitochi, na shule zenyewe zimefungwa. Kisha tazama kitu kilichozitenga kaya hizo. Maswali yalikuwa yaleyale na simu za mkononi zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni mtu. Ujumbe unaweza kufika mama akiwa shambani, ukasomwa usiku, ukasahaulika. Mwalimu akisema, “Mama Asha, mwite Asha hapo, tulifanye hili la kugawanya,” Asha anaitwa, na mama anabaki akisikiliza. Anagundua mwenyewe, kwa masikio yake, kwamba mtoto wa darasa la nne bado anahesabu kwa vidole. Ripoti ya muhula haikuwahi kumwambia hivyo kwa namna ya kumfanya achukue hatua.

Jaribio hilo lilipanuliwa baadaye katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wanafunzi zaidi ya 16,000. Matokeo yakawa makubwa zaidi, kati ya 0.30 na 0.35, na walimu wa serikali walifanya vizuri kama walivyofanya wakufunzi wa mashirika. Hilo la walimu wa serikali nalitilia mkazo kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba miradi hufaulu mikononi mwa mashirika na kufa ikikabidhiwa shule.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na haufai kufichwa. Sierra Leone walimu waliwapigia wanafunzi simu katika kipindi hichohicho, masomo ya redio yakiendelea. Watoto walijishughulisha zaidi na masomo, lakini alama za lugha na hisabati hazikupanda. Kenya kwenyewe, katika shule za binafsi za ada nafuu, watoto waliopigiwa simu walihisi walimu wao wanawajali zaidi, lakini alama zao za hisabati hazikupanda, na kwa baadhi yao zilishuka. Siwezi kuyafuta matokeo hayo kwa sababu tu yananikera. Nionavyo, yanatuonya kwamba kupiga simu si dawa kwa jina lake. Simu ya dakika tano ya kuulizana hali na kukumbushana kusoma haiwezi kufanya kazi ya dakika ishirini za kukaa na swali moja, kwa kiwango alichofikia mtoto, mlezi akiwa pembeni. Kinachohitaji kupangwa ni yanayosemwa ndani ya simu.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Darasa la watoto 60, dakika 15 kwa kila mmoja kwa wiki, ni saa 15. Hakuna mwalimu mwenye saa 15 za ziada, na yeyote atakayetoa waraka wa kuwapigia wote atakuwa anaagiza takwimu za kubuni, maana mwalimu atajaza fomu na simu hazitapigwa. Lakini wachukue watoto kumi: walioachwa nyuma kabisa katika kusoma na kuhesabu, pamoja na watoro. Hizo ni dakika 150, saa mbili na nusu kwa wiki. Mwalimu anaweza kuzipata endapo atapunguziwa kitu kingine, na vya kupunguza vipo. Yeyote aliyeona idadi ya fomu ambazo mwalimu wa darasa hujaza kwa mwezi anajua pa kuanzia.

Linabaki suala la vocha, ambalo mikutanoni hupita kama jambo dogo. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi Tanzania imehesabiwa kwa miaka mingi kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mnatarajiwa kutoka chaki, ukarabati, mitihani na vitabu. Mwalimu anayepiga simu leo anailipia kutoka kwenye mshahara wake. Tunamdai ushirikiano na wazazi, tunausifu kwenye hotuba, halafu gharama yake tunamwachia yeye na kumtazama kwa jicho baya akishika simu. Kwa upande wangu naona hapo ndipo dhuluma ilipo, kuliko kwenye ukosefu wa vishikwambi.

Tanzania, tulipofunga shule Machi 2020 tulizifungua mwishoni mwa Juni. Kenya walisubiri hadi Januari 2021 kufungua kikamilifu, Uganda hadi Januari 2022. Katika miezi hiyo, watoto wengi wa vijijini hawakusikia sauti ya mwalimu hata mara moja, ingawa namba ya mlezi ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la usajili tangu siku ya kwanza. Bila korona bado kuna masika inayokata barabara, kuna msimu wa kuvuna, kuna mtoto anayeuguza mama yake wiki mbili. Kwa hao, pendekezo langu ni la ukubwa wa ukurasa mmoja: fungu la vocha katika bajeti ya shule linalojadiliwa na kamati kama linavyojadiliwa fungu la chaki, laini ya simu iliyo mali ya shule ili namba binafsi ya mwalimu isigeuke ya umma, saa zinazojulikana kwa wazazi wote, na safu moja ya ziada kwenye daftari la mahudhurio ambapo mwalimu ataandika tarehe aliyopiga, nani alipokea, na swali gani walilifanya pamoja.