Grafu Inapanda, Sawa. Lakini Inapima Nini?

Nimetumiwa tena ile grafu. Mnaijua: mstari mwekundu unaopanda kuelekea kulia, na juu yake tangazo kwamba mwaka huu mashambulizi ya mtandaoni yamevunja rekodi. Kila mwaka yanavunja rekodi. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, kuna jina la kampuni inayouza kinga dhidi ya mashambulizi hayo hayo. Sadfa tu, bila shaka.

Sisemi hatari ni ya kubuni. Nauliza hivi: huo mwaka ulioandikwa chini ya mstari ni mwaka gani? Wa wizi kutokea, wa kampuni kugundua, au wa kampuni kukubali kufungua mdomo?

Chukueni Yahoo. Waliibiwa Agosti 2013. Tangazo likatoka Desemba 2016: akaunti bilioni 1. Oktoba 2017 wakarudi tena, kumbe ni bilioni 3, yaani kila akaunti iliyokuwapo wakati ule. Sasa wewe mchora grafu, nguzo hiyo unaisimamisha wapi? Ukiiweka 2016, umetutangazia gharika ya wizi uliokwisha poa miaka mitatu. Ukiiweka 2013, basi kila aliyeisoma grafu yako kabla ya tangazo ulimdanganya, hata kama hukukusudia. Na 2016 ndio mwaka ambao data ya LinkedIn, ule mtandao wa watafuta kazi na wataalamu, iliyoibwa 2012 ilionekana ikiuzwa, zaidi ya akaunti milioni 100, wakati hapo mwanzo tulisikia nywila milioni 6.5 tu. Dropbox nao, wale wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, wizi wa 2012, ukubwa wake ukajulikana 2016 hiyo hiyo. Mwaka mbaya kweli, kwa kufukua makaburi.

Kampuni ya hoteli ya Marriott ndio kiboko. Wavamizi waliingia kwenye mfumo wa Starwood, kampuni nyingine ya hoteli, mwaka 2014, Marriott wakainunua Starwood 2016, na wakagundua 2018. Walinunua nyumba na wezi wakiwa uvunguni. Uber wao walijua tangu 2016 kwamba data za watu milioni 57 zimechukuliwa, wakawalipa wadukuzi dola 100,000, wakanyamaza mpaka Novemba 2017. Kimya hicho kwenye grafu kinasomeka kama usalama.

Halafu sheria. California ilizilazimisha kampuni kutoa taarifa za uvujaji wa data kuanzia Julai 2003. Umoja wa Ulaya, Mei 2018, ukaweka saa 72 za kuijulisha mamlaka ya ulinzi wa data. Sheria ikianza kazi, taarifa zinamiminika, na mchambuzi anaandika kwamba wahalifu wamechachamaa. Wezi hawakuzaliwa usiku ule jamani! Kilichoongezeka ni watu wanaolazimika kusema.

Kujumlisha rekodi, yaani kila akaunti au mtu aliyeibiwa data, ni balaa jingine. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, 2017, watu wapatao milioni 147, pamoja na namba zao za hifadhi ya jamii na tarehe za kuzaliwa. Kwa hesabu ya rekodi ni kama sehemu moja ya ishirini ya Yahoo. Nywila utabadilisha leo jioni. Tarehe ya kuzaliwa utaibadilishia wapi?

Haya, nikiri: wapo wanaojitahidi. Ripoti ya kampuni ya simu ya Verizon kuhusu uvujaji wa data inatoka tangu 2008 na husema yenyewe kwamba sampuli yake ina upendeleo. Na virusi vya kudai fidia, vinavyofunga data mpaka ulipe, vimeongezeka kweli, hilo sibishi. Ila hata hapo, wengi huhesabu majina ya walioshambuliwa ambayo magenge hubandika kwenye kurasa zao, na aliyelipa upesi mara nyingi habandikwi.

Kinachonichosha zaidi ni ile ncha ya kulia. Mwaka wa karibuni ukionekana umeshuka kidogo, lazima atokee wa kuandika kwamba tumeanza kushinda. Kushinda nini, na Starwood walikaliwa miaka minne bila kujua? Mnaochora, wekeni rangi mbili: moja ya mwaka wa tukio, nyingine ya mwaka wa tangazo. Na nguzo ya mwaka huu ichoreni kwa mistari ya nukta, maana bado haijajaa.