Machozi ya sinema na yule tusiyemlilia

Wanaozidharau filamu wana hoja moja ambayo sisi wapenzi wake huikwepa: kwamba kilio cha ukumbini ni kilio cha kutengenezwa. Ni kweli. Miaka 100 hivi iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha tatu: bakuli la supu, mtoto ndani ya jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni, halafu tamaa, ilhali uso ulikuwa haujabadilika hata kidogo. Hisia zilikuwa zao wenyewe. Kuleshov alipanga tu kipi kifuate kipi.

Nazipenda filamu mno, na kwa sababu hiyo sitaki kuzitetea kwa uongo. Utetezi wetu wa kawaida ni kwamba sinema hulainisha moyo, kwamba ukimlilia mgeni kwenye skrini utamhurumia na jirani. Historia haikubali. Mwaka 1915 mwongozaji Mmarekani D. W. Griffith alitoa filamu ya The Birth of a Nation. Alijua kurukaruka kati ya picha za waliozingirwa na za wanaokuja kuwaokoa, mpaka mtazamaji ashindwe kupumua. Waokoaji hao walikuwa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatesa na kuwaua watu Weusi, na adui alikuwa mtu Mweusi, ambaye mara nyingi aliigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi. Filamu ilionyeshwa Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Woodrow Wilson, na mwaka huohuo Klan, iliyokuwa imekwisha, ikafufuliwa Stone Mountain, Georgia. Huruma ya watazamaji wale haikuwa ya bandia. Waliwahurumia watu wao kwa dhati, na huruma hiyohiyo ndiyo iliyoipa chuki nguvu.

Je, basi sinema yote ni hila? Hapo nakataa, na shahidi wangu ni picha ya Kihindi ambayo watu wa pwani yetu waliililia bila kujua Kihindi: Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Radha, aliyeigizwa na Nargis, analea watoto wake katikati ya mafuriko, njaa na deni la Sukhilala, mkopeshaji asiye na haya. Mwanawe Birju, ambaye ni Sunil Dutt, anakua na hasira ya miaka yote hiyo. Anageuka jambazi, anamuua Sukhilala, na ukumbi mzima uko upande wake. Nani asingekuwa? Kisha anamteka Rupa, binti wa marehemu, siku ya harusi yake. Mama anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe.

Watoto wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, wana kanuni yao: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Hapa anauawa na mama yake, tena kwa ajili ya mtoto wa adui. Ufundi ni ule ule wa Griffith, muziki, uso wa karibu, mikato ya haraka. Tofauti ni kwamba baada ya kutufundisha kumpenda Birju kwa karibu saa tatu, filamu inatugeuza shingo tumtazame msichana ambaye hatukuwa tunamjali, na asiyetudai chochote.

Wapo wanaoilaumu filamu hii pia, na nawaelewa. Inaibebesha miili ya wanawake heshima ya kijiji kizima, na inamtukuza mama kwa kiasi anachoweza kuvumilia, kana kwamba mateso yake ni sifa yake. Siwezi kulipinga hilo. Kila ninapoitazama linanisumbua zaidi. Lakini filamu haikunificha chochote cha kulipimia: imeniacha na Birju akifia mikononi mwa aliyempiga risasi, na Rupa akiwa hai, bila kuniamuru nimfurahie yeyote kati yao.