Kabla ya kuuliza bei, kaa kiti cha nyuma

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu akiwa kwenye yadi ya magari pale Nakawa, Kampala. Ana watoto watatu, ana shilingi milioni 40 za Uganda, na mbele yake limesimama gari kubwa jeusi la viti saba ambalo lilikuwa limeshatembea hapa nchini miaka kadhaa. "Shemeji, njoo haraka, kuna mwingine analitaka." Nikaenda. Sikufungua boneti kwanza. Niliingia nyuma nikakaa katikati, mahali ambapo kitindamimba wake angekaa. Mkanda wa begani haukuwepo. Palikuwa na ule wa kiunoni tu, umelegea.

Nilimwambia aliache, na hadi leo nasimamia hilo.

Sisi wa Arua tunaijua safari ya nyumbani: karibu kilomita 500 kutoka Kampala, unapita Luweero, Karuma, Pakwach, Nebbi, malori yakikufuata mgongoni, na baada ya Karuma huenda ukakuta tembo kando ya lami. Ndiyo maana kila mwenye familia anataka gari lililoinuka. Namwelewa. Lakini gari lililoinuka, uzito wake nao umekaa juu, na ukikwepa mbuzi ghafla ukiwa kwenye mwendo mkali, ndilo jepesi kupinduka. Linalosaidia hapo ni mfumo unaofunga breki za gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru huuita VDC. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi: taa yenye picha ya gari linaloteleza iwake, na baada ya injini kuwaka izimike. Taa ya mifuko ya hewa (airbag) vilevile. Taa isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi kuliko inayogoma kuzimika, kwa sababu huenda kuna mtu aliyeichomoa ili kuficha hitilafu.

Viti saba navyo vinatuponza. Kwenye magari mengi ya namna hii, mtoto wa safu ya tatu kichwa chake kinakaribia kioo cha nyuma. Lori likikugonga kwa nyuma, ni nini kilichobaki kati yake na bampa? Watoto watatu wanatosha kwenye safu ya pili, kila mmoja na mkanda wake.

Kwa pesa ile nilimwelekeza kwenye Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu au Subaru Forester ile iliyotoka 2007. Kwa vile sheria ya Uganda ya 2018 imezuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15, ya miaka ile utaikuta kwa mtu aliyeitumia hapahapa, na hilo ni jema: unaweza kumwuliza fundi wake. Forester imeinuka vizuri na magurudumu yote manne yanavuta, ila injini yake ya boksa (silinda zake zimelala ubavuni) inataka fundi anayeijua kweli. RAV4 spea zake utazipata soko la Kiseka, Kampala, bila kuzunguka sana. Mimi ningechukua RAV4.

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha kwenye yadi zetu. Kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017, ilitengeneza mifuko ya hewa ya mamilioni ya magari, yakiwemo ya Toyota, Honda, Nissan, Subaru na Mitsubishi. Baruti yake ya amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofunguka chuma chake kinaweza kupasuka na kumrukia dereva. Joto na unyevu ndiyo hali yetu. Magari yaliitwa yarekebishwe, lakini lililouzwa ng'ambo kabla ya kurekebishwa limekuja na mfuko huohuo. Chukua namba ya chasisi, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, au umpelekee wakala wake. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Shemeji alipata RAV4 ya fedha kwa mwalimu mmoja wa Ntinda. Mkanda wa katikati unapita begani. Tairi zilionekana mpya, lakini ubavuni tarakimu nne zilisomeka 1413: zilitengenezwa wiki ya 14, mwaka 2013, kwa hiyo zilishazeeka. Tukamshusha mwalimu bei ya tairi nne, na zikabadilishwa siku ileile, kabla watoto hawajapanda.