Gari Iliyonuka Harusi

Mimi kila nikifungua kitu nikakifunga tena, lazima kibaki kimoja. Safari ile ilibaki skurubu. Nilikuwa nimetia redio mpya katika gari langu kuukuu, Escudo ya Kijapani, redio ikaimba vizuri, halafu nikaiona skurubu imekaa juu ya kiti inanitazama. Nikasema hii ya ziada tu, Wajapani nao wana israfu. Nikaingia nayo ndani nikamtundikia mavyaa saa yake ya ukutani, nikaombewa dua ndefu.

Siku ya pili yake sindano ya geji ya joto ikaanza kisirani. Mara katikati, mara juu karibu na H, alama ya moto mkali, mara imeshuka kama haikufanya kitu. Fundi wa kwanza, hapo hapo Chake Chake, Pemba, hakutaka hata kunisikiliza. "Thamostati hiyo, imekwama." Ndiyo ile vali inayoyapitisha maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Haya, ikatolewa. Nikaipeleka nyumbani nikaitumbukiza katika sufuria la maji motoni, maana thamostati ya namna ile inatakiwa ifunguke maji yakifika kama nyuzi 82. Ikafunguka kama chaza. Nikafunga mpya vilevile, kwani pesa nilishalipa. Sindano ikaendelea na mambo yake.

Jumamosi tukawa na harusi Konde. Mavyaa kaketi mbele na buibui lake la kutokea, mke wangu nyuma na shemegi zangu wawili, vifurushi mpaka miguuni.

Mpaka Ole hatuna neno. Hapo ikaanguka mvua, ile ya Pemba isiyopiga hodi. Nikawasha taa. Sindano ikapanda. Nikatia indiketa ya kushoto niweke gari pembeni, loo! Sindano ikaruka, ikashuka, ikaruka, tik-tak, tik-tak, sawasawa na indiketa, utadhani inacheza ngoma ya msewe. Mtu mwenye akili zake angeelewa papo hapo. Lakini mtu mwenye hofu, tena mavyaa yuko ubavuni, akili atazipata wapi?

Nikazima injini, nikafungua boneti. Kifuniko cha rejeta sikukigusa. Hilo nalijua, mjomba wangu ana kovu la mkono mzima kwa kufungua rejeta ya moto. Nikatia maji katika kile kitangi cha akiba cha pembeni, nikawasha gari: sindano katikati!

"Mnaona?" nikasema. "Ilikuwa kiu tu."

Wakaona. Sasa taa nilikuwa nimezima na indiketa nimezima, lakini nani anahesabu hayo? Mbele kidogo mvua ikarudi, nikawasha taa, sindano hiyo juu. Tukasimama mara nne. Watu waliokuwa wakikimbilia kuzoa karafuu zao mikekani walipata na muda wa kutupa pole.

Mara ya nne dumu likaisha. Nikapeleka mkono nyuma nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikamimina bila ya kutazama. Kitangi kilikuwa kimejaa tele, chupa karibu nzima ikamwagikia injini iliyo moto. Ukapanda mvuke, na mvuke ule, wallahi, ulikuwa unanukia.

Mavyaa akashusha kioo taratibu.

"Mwanangu, hayo marashi ya waridi ya bibi harusi."

Kuanzia hapo hakusema tena. Tukaingia Konde gari zima linanukia kama mrashi. Karibu na sokoni nikamkuta kijana mmoja na spana zake chini ya mwembe. Akainama kwenye boneti, akanusa, akaniangalia.

"Bwana, hii injini yako inaolewa?"

Akapima rejeta kwa kiganja, akasema hapa hapajachemka kitu. Akachomoa waya wa sensa, kile kipima joto cha injini, sindano ikalala chini kabisa. Akaugusisha ule waya kwenye chuma cha injini, ikapanda mpaka H. "Geji nzima hii, na waya mzima." Akaurudisha, akaniambia niwashe indiketa. Msewe ukaanza. Kijana akacheka mpaka akakaa kitako.

Akaing'oa redio. Nyuma yake palikuwa na waya wa athi, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi ya gari, unaning'inia, hauna pa kushika. Kumbe taa za dashibodi zikikosa athi, umeme wake unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapitia kwenye geji, sindano inapanda bure na injini haina habari.

"Nani alifunga redio hii?"

"Fundi mmoja wa Chake," nikasema, macho nimeyapeleka kwenye mwembe.

"Hapa pana tundu la skurubu. Sasa skurubu yenyewe imekwenda wapi?"

Mavyaa, aliyenyamaza tangu waridi, akakohoa kidogo.

"Fundi huyo namjua, ana mkono mzuri. Kanitundikia na saa."