Ukifika Bangkok, anza na vitumbua vyao

Muulize mtu wa Kariakoo aliyefuata mzigo wa nguo soko la Pratunam alikula nini Bangkok, mara nyingi atakwambia kuku wa kukaanga na chipsi. Wiki nzima. Namwelewa: ana mabelo ya kufunga, maandishi ya Kithai hayasomeki, na hajui nyama iliyomo sufuriani ni ya mnyama gani. Lakini inaniuma, maana katika nchi za huko mashariki sijaona jiko linalomkaribisha mtu wa pwani kama la Wathai.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno Wathai wanacho pia, na wao pia wamekipa jina la mnyama. Kwetu mbuzi, kwao sungura, kratai, na vile vya zamani vilichongwa kwa umbo la sungura hasa, masikio na yote. Watu wanaokaa juu ya sungura kukuna nazi ni ndugu zetu, ingawa hatujawahi kutambulishana.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza usitafute hoteli yenye mkate na mayai. Tafuta mama mwenye chuma cha vishimo juu ya moto, anapika khanom krok. Ni unga wa mchele na tui, hamira hamna, na juu ya kila kimoja humwagiwa tui zito lenye sukari na chumvi kidogo. Wengine hutupia majani ya kitunguu au punje za mahindi. Chini pamekauka, kati panatetemeka. Kwangu ni vitumbua vilivyoolewa mbali, na nasema hivi nikijua bibi yangu angekataa kuviita vitumbua kwa sababu havina iliki.

Iliki utaikuta kwenye massaman. Huu ni mchuzi mzito wa tui wenye nyama ya ng'ombe au kuku, viazi, karanga na ukwaju, na ndani yake mdalasini, karafuu na bizari nyembamba. Jina lenyewe linatokana na neno Musulmani, na asili yake inahusishwa na Waislamu, Waajemi na Wamalay, waliofanya biashara na Siam, yaani Thailand ya zamani. Mfalme Rama II, kabla hajatawazwa mwaka 1809, aliusifia kwenye shairi la kumbembeleza mpenzi: harufu yake ya bizari, na jinsi mwanamume akiuonja anavyomtamani aliyeupika. Mtu wa Zanzibar akiusogelea mchuzi huu pua itamwambia amefika nyumbani, kisha ulimi utambishia, kwa sababu ya mchaichai na sukari. Sisi mchaichai tunautia kwenye chai. Wao wanautwanga pamoja na pilipili.

Watu wa halali wasikate tamaa. Tafuteni maduka ya Waislamu yenye alama ya halali na muulize khao mok gai, wali wa manjano na kuku, jamaa wa karibu wa biriani, unaoletwa na kachumbari ya matango na chachandu ya kijani, kali na tamu. Kwingineko jifunzeni maneno matatu, *mai sai mu*, yaani usitie nguruwe. Hayo husaidia kwa chakula kinachopikwa papo hapo, si kwa supu iliyochemka tangu alfajiri. Na zile tambi za boti zenye supu nyeusi zipiteni kabisa, weusi ule huwa ni damu.

Pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga, je? Kila orodha ya wasafiri huanza nayo, mimi naiweka mwisho. Si kwa sababu ni changa, ingawa ni changa kweli: ilienezwa enzi za Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram, yule aliyeliacha jina la Siam na kuiita nchi Thailand mwaka 1939, serikali yake ikihimiza watu wale tambi za mchele. Uchanga si kosa. Pilipili na papai navyo vilitoka Amerika, leo nani atawanyang'anya Wathai? Kosa la pad thai ni kwamba mitaa ya watalii imeizidishia sukari mpaka ukwaju hausikiki.

Ukali wa Wathai uutafute kwenye som tam, saladi ya papai bichi. Chakula hiki ni cha Isan, kaskazini mashariki, upande wa Laos, lakini Bangkok kiko kila kona kwa sababu watu wa Isan wamejaa humo wakitafuta riziki. Ukiusikia mchi unagonga kinu, tok tok, umefika. Mpishi anaponda kitunguu saumu na pilipili, anatia sukari ya utomvu wa minazi yao, kunde mbichi, nyanya, ndimu na maji ya chumvi ya dagaa waliochachushwa, kisha papai lililokatwa nyuzi nyuzi. Hatwangi papai likalainika, analigonga tu linywe. Ipo ya karanga na kamba wakavu, na ipo ya pla ra, samaki wa mtoni aliyechachushwa miezi. Aliyekulia karibu na ng'onda hatakimbia, ila asianze na hiyo.

Som tam huliwa pamoja na kuku wa kuchoma na wali wa kunata unaokuja ndani ya kikapu cha mianzi. Hapo weka uma chini. Mega, finyanga tonge, chovya. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mama wa kinu aliacha kazi akanitazama vidole, akamwita mwenzake aje aone.

Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza pilipili ngapi, maana huhesabiwa moja moja. Nikaonyesha vidole vitano, kwa kiburi cha mtu aliyekua na pilipili kichaa. Akatikisa kichwa, akatia mbili. Nilimaliza sahani machozi yakinitoka, na wali wa tui na embe niliouagiza baadaye niliula kama dawa.