Kichuguu cha Besi ya Tatu

Kocha wa mpira wa miguu anavaa suti au trakisuti, anasimama pembeni, anakunja mikono. Kocha wa besiboli hana bahati hiyo. Mila ya mchezo inamtaka avae kama wachezaji wake: jezi yenye namba mgongoni, mkanda, na suruali nyeupe ya kubana. Kocha wetu mkuu amekaribia kustaafu na ana kitambi cha heshima. Naomba uishike vizuri hiyo suruali kichwani, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Chuo chetu ni kidogo, kiko Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi. Kimichezo tuko Daraja la 3 la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ambako chuo hakiruhusiwi kumpa mchezaji ufadhili kwa sababu ya kipaji chake uwanjani. Fedha hakuna, na benchi la ufundi linafanana na fedha hizo. Kocha mkuu ndiye anayeendesha trekta la kukata nyasi. Kocha wa warushaji anauza bima mjini, anafika jioni na tai mfukoni. Kocha msaidizi ni kijana aliyehitimu juzi tu, analipwa posho ambayo haimalizi kodi ya chumba. Wa nne ni mimi, mtoto wa Kilosa. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, na kazi iliyobaki bila mwenyewe ilikuwa kufua jezi, kuchora mistari ya chokaa na kuhesabu mipira iliyorushwa. Mjomba aliponiuliza kwa simu mchezo wenyewe ukoje, nilimwambia ni rede iliyosoma mpaka chuo kikuu. Akaridhika.

Mwezi wa Machi Iowa bado kuna theluji, kwa hiyo timu za kaskazini hukimbilia Florida kuanza msimu. Tulisafiri kwa basi usiku kucha na mchana, tukashuka kwenye joto ambalo mimi lilinikumbusha nyumbani na wenzangu liliwatoa jasho wakiwa bado wamekaa. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi uwanja ukakauka, tukapangwa kucheza na chuo kingine kidogo.

Sasa, mchezo kwa kifupi: mrushaji anatupa mpira, mpigaji wa timu nyingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia besi ya kwanza, ya pili na ya tatu; akirudi nyumbani, pale alipopigia, ni bao. Kuiba besi ni kuchomoka kwenda inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Timu inapopiga, kocha mkuu husimama kwenye kisanduku cha chokaa karibu na besi ya tatu. Kutoka pale anawaongoza wakimbiaji na kutuma amri kwa kujigusa mwilini. Siku hiyo mfumo ulikuwa huu: akigusa mkanda, kinachofuata ni cha kweli; kabla ya mkanda ni porojo za kuwachanganya wapinzani. Mkanda kisha kofia, mkimbiaji wa besi ya kwanza aibe ya pili. Mkanda kisha kifua, mpigaji adonoe mpira udondoke karibu. Mkanda kisha sikio, mkimbiaji wa besi ya tatu aje nyumbani liwalo na liwe. Akifuta mkono kwa kiganja, yote yamefutwa. Jana yake hotelini aliwaweka vijana kikao kirefu. Ishara haijadiliwi, alisema. Atakayeikosa atakimbia mpaka basi litakapoondoka.

Mzee huyu ana ugonjwa mmoja: hapendi uwanja wenye kinundu. Kwao anaupiga reki kila jioni mwenyewe, hata mkewe akiwa anamsubiri ndani ya gari. Alipofika kwenye kisanduku chake ngwe ya 5, yaani zamu yetu ya 5 ya kupiga, akakuta pembeni ya mstari kuna kifusi cha udongo laini, kimeinuka vizuri, ambacho ngwe zilizotangulia alikuwa akikitazama kwa chuki. Safari hii uvumilivu ulimwishia. Akakipiga teke. Kisha akakikanyagakanyaga mpaka kikawa sawa, akasimama juu yake, akaegemeza mikono magotini.

Mimi nilikuwa kwenye benchi na daftari langu. Damu ya Kilosa ikasimama.

“Kocha,” nikamwambia muuza bima, “kile kifusi kina wenyewe.”

“Anapenda uwanja uwe sawa,” akajibu, akitema ganda la alizeti.

Mtu wa Iowa hana sababu ya kuwajua wale wadudu. Wamarekani wanawaita sisimizi wa moto. Asili yao ni Amerika ya Kusini, waliingia kwa meli kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, wakatapakaa majimbo ya kusini. Mvua ikishanyesha ndipo wanapoinua vichuguu vyao. Siafu wetu ana ustaarabu kidogo, anang'ata kwa meno na unajua amefika. Hawa wanapanda kimyakimya, wanajipanga mguuni mpaka mapajani, halafu mmoja akianza wote wanaanza. Wanakung'ata ili wapate pa kushikia, kisha wanakuchoma kwa mkia. Na suruali ya kubana haina pa kutokea.

Tulikuwa 3 kwa 3. Tulikuwa na mtu besi ya kwanza na mtu besi ya tatu. Mpigaji akamtazama kocha apewe amri.

Kocha akajipiga paja. Porojo, vijana wakafikiri. Akajipiga paja la pili. Kisha akashika mkanda.

Benchi zima likanyamaza. Baada ya mkanda akavua kofia akajipigia nayo kiunoni. Mkimbiaji wa besi ya kwanza akachomoka. Kocha akafuta mkono. Mkimbiaji akafunga breki, akarudi. Kocha akashika tena mkanda kwa mikono yote miwili, akajikung'uta kifua. Mpigaji akainama kudonoa. Akafuta mkono wa kushoto. Mpigaji akasimama wima. Akafuta na wa kulia. Akarudi mkanda, safari hii akiwa anahangaika kuufungua, akajitandika kibao cha sikio ambacho tulikisikia mpaka kwenye benchi.

Mrushaji wao alikuwa bado ameshika mpira. Mimi simlaumu. Mbele yake mpigaji anainama na kuinuka, nyuma yake mtu anakwenda mbele na kurudi, na pembeni mzee wa watu ameanza kuvua suruali.

Hapo mimi nilishasimama, napiga kelele: “Vua! Vua yote, Kocha, usiwapige!” Mtu aliyekulia kwenye siafu anajua kwamba kuwapiga ni kuwaongezea hasira, dawa ni kuachana na nguo. Kocha msaidizi, yuko besi ya kwanza, akanisikia akadhani na mimi natoa ishara. Akamsukumia mkimbiaji wake maneno: “Nenda!”

Kijana akaenda. Mrushaji akageuka, akautupa mpira besi ya pili kwa nguvu zake zote. Besi ya pili hapakuwa na mtu. Waliotakiwa kuilinda walikuwa wameduwaa wakitazama bukta ya kocha wetu, ambayo ina picha za bata. Mpira ukapita, ukaenda zake kwenye nyasi za mbali. Mkimbiaji wa besi ya tatu, aliyeona kibao cha sikio kwa macho yake, akatembea nyumbani kama mwenye kiwanja. La 4 hilo.

Yule wa besi ya kwanza akapita ya pili, akafika ya tatu, akainua macho kutafuta kocha amwambie asimame au aendelee. Akakuta suruali. Mwenye suruali alikuwa anakimbilia kwetu kwenye pipa la maji ya baridi, mkono mmoja ukizunguka hewani kama anatwanga upepo. Katika besiboli mkono ukizunguka hivyo maana yake ni moja tu: usisimame, nenda nyumbani. Kijana akamfuata mbio. Kocha akaingia kwenye pipa, mkimbiaji akateleza nyumbani. La 5.

Kocha wa wapinzani akatoka akiwa mwekundu, akadai mambo yote yafutwe. Mwamuzi, mzee mtulivu, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kanuni inamkataza kocha wa besi kumgusa mkimbiaji kumsaidia, na huyu hakumgusa mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Mabao yakakubalika. Ila akaongeza kwamba kanuni hiyohiyo inamtaka anayesimama kwenye kisanduku awe na sare kamili, akaitazama suruali iliyolala besi ya tatu, akatutazama sisi.

Ndivyo nilivyopanda cheo. Muuza bima alikataa katakata kukaribia kile kichuguu. Alisema anajua vizuri mkataba wake unalipia nini. Kocha msaidizi akapelekwa besi ya tatu, akasimama mita kadhaa nje ya kisanduku, na mimi nikapewa besi ya kwanza, ndani ya jezi ya kocha mkuu ambayo niliikung'uta mshono kwa mshono kabla ya kuivaa. Wakanipa na helmeti. Nikauliza ni ya nini. Muuza bima, ambaye hajawahi kuona wakati mbaya wa kutoa habari, akanieleza kwamba mwaka 2007 kocha wa besi ya kwanza wa timu ya Tulsa, Mike Coolbaugh, alipigwa na mpira shingoni akafariki, na mwaka uliofuata ligi kuu ikawaamuru makocha wote wa besi kuvaa helmeti. Nilisimama pale nikiwa tayari kulala chini kila mpigaji alipoinua gongo. Mkimbiaji wa kwanza aliyenifikia akaniuliza nini la kufanya, nikamwambia ainame.

Tulishinda 5 kwa 3.

Kesho yake Kocha akarudi kwenye kisanduku chake, miguu imejaa vipele vyeupe vya usaha, maana ndivyo wale wadudu wanavyokuachia risiti. Vilikuwa vinamwasha vibaya. Timu ya siku hiyo ilikuwa imeshapata habari, sijui imepotoshwa na nani, kwamba sisi tuna ishara mpya za hatari. Kila Kocha alipojikuna paja, mdakaji wao aliruka pembeni na mrushaji akautupa mpira nje, wakitarajia kumnasa mwizi wa besi. Hakuna aliyekuwa anaiba kitu. Mipira 4 ya nje ni besi ya bure kwa mpigaji, na vijana wetu wakawa wanatembea tu kwenda besi ya kwanza, mmoja baada ya mwingine, wananipa mkono.

Katikati ya mchezo Kocha akarudi kwenye benchi akiomba ile tyubu ya dawa ya muwasho aliyoiacha juu ya kiti. Muuza bima akaangalia juu. Tyubu ilikuwa mfukoni mwake, naiona imetuna.

“Zimebaki ngwe 2 tu, Kocha,” nikamwambia. “Wewe jikune.”